Ngoma Isiyochezwa Mbele ya Wanaokula

Miaka ile mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na Babati ilikuwa imepewa ukubwa kabla haijapata mahali pa kuuweka. Maofisa walihamishiwa kwetu kutoka kila pembe, na nyumba za Bagara zilipangishwa kabla plasta haijakauka. Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha mbele katika nyumba moja ya hapo Bagara: cherehani, meza ya kukatia, pazia, na nyuma ya pazia kitanda changu. Nilikuwa nimeachika. Mume wangu wa Singe alinirudisha kwetu baada ya kumngoja mtoto ambaye hakuja, na siku ninaondoka mama yake alisimama uani akasema kwa sauti ya kusikiwa na majirani, "Gogo halichipui hata ukilimwagia maziwa." Kwa hiyo katika mtaa ule ambako kila mwanamke aliitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wake, mimi niliitwa Fundi. Ilikuwa heshima, lakini kila aliyeniita hivyo alikuwa ametafuta kwanza jina jingine akalikosa.

Nyumba ya pili kutoka kwangu alihamia injinia wa barabara, mtu wa Nepali, pamoja na mke wake na binti yao. Mtaa mzima uliwaita Wahindi. Mke alijaribu kuwasahihisha watu kwa wiki kadhaa, kisha akachoka, tukamwita Mama Injinia. Walikuwa wamekaa Dodoma kabla ya kuja kwetu. Binti alikulia huko, na Kiswahili chake kilikuwa sawa na changu, isipokuwa kile cha vijana, ambacho alinizidi. Kiswahili cha mama yake kilikuwa cha sokoni na cha jikoni: cha kuamrisha. Nilipomwamkia shikamoo hakuitikia marahaba. Alisema, "Haya."

Alikuja kwangu asubuhi moja amebeba furushi, binti yake nyuma yake amenuna. Ndani ya furushi kulikuwa na vazi la zamani la kijani lililoliwa na nondo, sketi yake imetengenezwa kwa vipande virefu vinavyoning'inia, na kiunoni mshipi wa nyuzi za dhahabu zilizofifia. Alikuwa na kitambaa kipya cha kijani pia.

"Shona kama hii," alisema. "Kama hii hii. Usiongeze akili yako."

Nikamwambia nitahitaji vipimo vya mvaaji. Akamsukuma binti mbele.

"Sivai," binti akasema kwa Kiswahili, makusudi, ili nami nielewe.

Mama yake akachukua rula yangu ya mbao juu ya meza, akampiga nayo kwenye mkono, pigo moja, bila hasira usoni, kama mtu anayekung'uta vumbi. Binti hakuusogeza mkono wala hakulia. Alikuwa na umri wa kumaliza sekondari, na alimtazama mama yake kama unavyotazama mvua ukiwa tayari umelowa.

"Simama wewe," Mama Injinia akaniambia mimi.

Nikasimama. Alinivika lile vazi kuukuu juu ya gauni langu, akanipinda magoti kwa kuyagonga kwa nyuma, akanivuta nyonga upande, kisha akanishika mkono wa kulia na kuufungua kiganja kielekee mbele, kama mtu anayetoa kitu. Vidole vya mkono wa kushoto akavikunja kimoja kimoja mbele ya kifua. Vidole vyangu vilimtii. Miaka ya sindano ilikuwa imevilainisha. Akarudi nyuma hatua chache, akanitazama kwa muda mrefu, halafu akamtazama binti yake.

"Unaona?" alimwambia. "Hata huyu."

Kisha akanigeukia. "Kesho asubuhi uje kwangu. Usile kwanza."

Hakuniuliza kama nataka. Nilikwenda. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikwenda, na jibu ninalolipata si la kupendeza: ni kwamba tangu nitoke Singe hakuna mtu aliyekuwa amenigusa, hata kwa kunigonga.

Sebuleni mwake viti vilikuwa vimesukumwa ukutani na sakafu ya saruji imedekiwa. Kwenye kabati kulikuwa na picha ya mwanamke wa rangi ya kijani ameketi juu ya ua la yungiyungi, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameushusha. Mbele yake ubani, na taa ndogo ya shaba inayowaka kwa mafuta ya alizeti, kwa sababu samli ya kwao haikupatikana hapa. Binti alikaa chini kwenye kona na matoazi madogo mkononi. Kazi yake ilikuwa kupiga mapigo na kutazama.

Mama Injinia alinieleza mambo yake kwa vipande, wiki baada ya wiki, nami nayaeleza hapa yakiwa yameshonwa pamoja. Alikuwa wa ukoo wa makuhani wa dini ya Budha, katika bonde la mji mkuu wa nchi yao. Kwao ngoma hii ni sala, na kwa vizazi vingi ilichezwa katika chumba cha juu cha nyumba, mlango umefungwa, mbele ya waliopewa idhini tu. Yule wa kijani pichani ni Mama wa huruma. Mguu wake umeshuka kwa sababu yuko tayari kunyanyuka kumwendea anayelia.

"Wewe humwigizi," aliniambia. "Kuigiza ni mchezo wa shule. Kwanza unakaa, unapumua, unajifuta. Jina, futa. Mwili, futa. Inabaki hakuna. Halafu katika hakuna, yeye anatokea. Hapo ndiyo unasimama. Anayesimama si wewe."

"Na ngoma ikiisha?"

"Unamfuta na yeye. Usibaki na kitu. Mwizi ndiyo anabaki na kitu."

Alinifundisha kwa ufito wa mti alioukata mwenyewe kwenye ua wa nyumba. Goti likinyooka, ufito. Jicho likiufuata mkono kwa kuchelewa, ufito. Kidole kinachoonyesha ubani kikifanana na kile kinachoonyesha taa, ufito kwenye kidole chenyewe, na siku hiyo sikuweza kushika sindano. Niliposhindwa kabisa hakunipiga. Alinicheka, na kumwambia binti yake kwa Kiswahili ili wote tuelewe, "Tazama gogo linavyojaribu." Neno hilo alikuwa ameliokota mtaani.

Mara moja nilimwuliza kama naye alifundishwa hivyo. Uso wake ulifunguka kwa fahari.

"Baba yangu alinisimamisha magoti yamepinda mpaka nikajikojolea," alisema. "Akanipiga kwa kujikojolea. Halafu akanipiga kwa kulia. Ndiyo maana mpaka leo goti langu linajua."

Alikuwa na kaka aliyefundishwa pamoja naye, kwa upole zaidi kwa kuwa ni mwanamume na alikuwa mrithi. Kaka huyo alikuwa akicheza katika hoteli ya watalii, jioni, kati ya supu na nyama. Wageni walipiga picha wakitafuna. Baba yao alikwenda siku moja kujionea, akakaa meza ya nyuma, akarudi nyumbani, hakumwita tena mwanawe kwa jina hadi mzee alipokufa. Sasa katika ukoo alikuwa amebaki Mama Injinia, na baada yake binti yule wa kona, ambaye alipiga matoazi kwa usahihi kamili na uso kama mlango uliofungwa.

Nami nilijifunza. Lazima niseme hivyo, kwa sababu nisiposema itaonekana nilikuwa nikienda kupigwa tu. Asubuhi moja ya kipupwe, baridi ya mlimani imeingia hadi ndani ya mifupa, nilisimama kutoka kwenye kule kukaa na kupumua, na kilichosimama sikukijua. Mkono ulitoa. Mguu ulishuka. Hapakuwa na mtu aliyeachika, wala Singe, wala mtu yeyote wa kuitwa Fundi. Sakafu ilikuwepo, na yale matoazi, na ukijani fulani ambao siwezi kuusema vizuri. Njuga alizonifunga zilipokoma mguuni nilijikuta nimesimama katika sebule ya watu, machozi yamenifika shingoni, sijui yalianza lini.

"Mama," nilimwambia, "leo nimemwona. Leo sikuwepo, alikuwepo—"

Alinizaba kofi.

"Ukisema, umeuza," alisema. Akaenda kuzima taa.

Binti alinifuata nje. Tulisimama kando ya ua wa michongoma unaotenganisha nyumba, shavu langu bado linawaka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Unajua anakutumia?"

"Ananifundisha."

"Anakufundisha ili mimi nione. Unadhani anakutaka wewe? Siku nikisema ndiyo atakufukuza kama kuku aliyeingia jikoni."

"Kwa nini basi husemi ndiyo?"

Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu mzima.

"Kwa sababu ndicho kitu pekee anachokitaka kutoka kwangu. Nikimpa, nitakuwa nimebaki na nini?"

Mtaani nako hawakuniacha. Ubani unatembea, na njuga zinasikika. Wanawake waliokuja kuchukua sare za watoto walianza kusimama mlangoni badala ya kuingia. Mmoja aliniambia kwamba kule ninafunzwa kuita majini ya Kihindi yanipe mimba. Kanisani kiongozi wa kwaya aliniomba nipumzike kidogo, na tangu hapo hajaniomba nirudi. Nilipita bombani siku moja nikasikia mtu akisema, "Gogo limepata wa kulichezesha," na kicheko kikazunguka ndoo zote. Mwenye nyumba wangu, mzee mwenye duka la vitambaa, alikuwa wa pekee aliyewakemea. "Dini ya mtu ni ya mtu," aliwaambia. Lakini naye, mwezi uliofuata, aliniuliza kwa adabu kama ningeweza kutafuta chumba kingine. Sikukitafuta, naye hakurudia kuuliza.

Kisha zikaja habari za sherehe. Kipande cha barabara kilikuwa kimekamilika, mgeni wa heshima angekuja kukata utepe, na baada ya utepe pangekuwa na chakula na burudani uwanjani. Injinia alifika nyumbani asubuhi moja akiwa na bwana wa kamati ya sherehe, mtu mnene mwenye kucheka kabla hajasema. Nilikuwepo, nimevaa lile vazi jipya kwa majaribio ya mwisho, pini mdomoni.

"Tumesikia mna ngoma nzuri ya kwenu," alisema yule bwana. "Tutakuwa na ngoma ya Wagorowa, ya Wabarbaigi, na kwaya. Ya kwenu itapendeza sana. Dakika chache tu, wageni wakiwa mezani."

"Hapana," Mama Injinia alisema.

Mumewe alisema kitu kwa lugha yao, kwa upole. Alikuwa mtu mpole siku zote. Alikuwa mpole hata siku binti alipopigwa mbele yake, alisubiri kwa upole mpaka kipigo kikaisha. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa ajili ya mgeni, "Ni ngoma tu."

"Hii si ngoma ya kuchezwa mbele ya watu wanaokula," mkewe akasema.

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai.

"Nitacheza mimi," alisema.

Mama yake aligeuka. Nilitarajia ufito. Badala yake alicheka, kicheko kilekile alichonicheka mimi.

"Wewe? Hujui hata kusimama."

"Nitacheza."

Niliona Mama Injinia akipiga hesabu yake. Ilipita usoni mwake waziwazi, kama kivuli cha wingu kwenye shamba. Alinyoosha kidole kuelekea kwangu bila kuniangalia.

"Vua," alisema. "Mvalishe huyu."

Bwana yule alipoondoka amefurahi, niliuliza, kwa kuwa sikuelewa, "Mama, si ulisema si ngoma ya—"

"Mwache aende," alisema. "Atasimama pale, atakosea, mkoa mzima utamcheka. Mtu akichekwa na mkoa mzima anarudi kwa mama yake anasema, nifundishe. Kofi langu limeshindwa. Kofi la watu wengi litaweza."

Binti alikuwa palepale, mikono juu, mimi nampunguza vazi kiunoni. Alisikia kila neno. Sikuhisi hata mtetemo mdogo chini ya vidole vyangu.

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali na vumbi jekundu limetulizwa kwa maji ya gari la boza. Mgeni na wakubwa walikaa chini ya turubai, meza zimefunikwa kwa vitambaa vyeupe, na watu wa kawaida tulizunguka uwanja. Mama Injinia alitaka tukae mbele. Alikuwa amevaa vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, na alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kiganja chake kilikuwa kikavu kabisa.

Ngoma nyingine zilipita na shangwe zake. Pilau ikaanza kugawiwa. Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa tunaletewa ngoma ya Kihindi, na binti akaingia uwanjani peku, taji la shaba kichwani, njuga miguuni. Hapakuwa na wa kumpigia matoazi. Alikaa chini kwenye nyasi, akafumba macho, akapumua. Alikaa muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kunong'ona, na kijana mmoja nyuma yetu akapiga mluzi.

"Sasa," Mama Injinia alininong'oneza. Alikuwa akitabasamu. "Sasa anaogopa."

Binti akasimama.

Mimi nilikuwa nimefundishwa ngoma ile kwa ufito, miezi na miezi, na nilidhani naijua. Nilichokijua mimi kilikuwa kama kivuli cha mtu ukutani. Yeye alikuwa ameketi kwenye kona ile akitazama, na kabla ya kona ile alikuwa ametazama maisha yake yote. Magoti yalishuka yakakaa mahali pake bila kutafuta. Kiganja kilipofunguka, nilijikuta nimefungua changu kupokea. Jicho lilitangulia mkono, mkono ukaifuata pumzi, na mwili ule wa msichana aliyekuwa akinunua vocha dukani na kuwaambia vijana "poa" ulikuwa umeondoka. Sijui ulikwenda wapi. Watu wa mbele waliacha kunong'ona.

Tabasamu la Mama Injinia lilikaa usoni pake muda mrefu baada ya yeye mwenyewe kuondoka ndani yake. Vidole vyake vilikuwa vikipiga mapigo gotini.

"Huo mkono," alisema, si kwangu. "Huo ni mkono wa baba yangu."

Kule chini ya turubai waliendelea kula. Si wote, lakini wengi. Mtu mmoja alikuwa akitoa mfupa wa kuku mdomoni. Sahani ziligongana, chupa za soda zilifunguliwa. Na ngoma ilipofika pale Mama wa kijani anaposhusha mguu wake kumwendea anayelia, yule bwana wa kamati aliinuka mezani, akaenda uwanjani huku akitikisa mabega kwa mzaha, akatoa noti mfukoni, akaichomeka kwenye taji. Ni desturi yetu kumtunza mchezaji. Alifanya kwa moyo mwema. Watu walishangilia, na wengine wawili watatu wakaja nyuma yake na noti zao, mmoja akaibandika ya kwake kwenye paji la uso lenye jasho.

Binti hakukosea hata pigo moja. Lakini macho yake, ambayo mpaka hapo hayakuwa yakimtazama mtu, yaliinuka yakamtafuta mama yake katika umati, yakampata, yakatulia pale. Aliimaliza ngoma yote hivyo, noti zikipepea usoni, akimtazama.

Mama Injinia aliuachia mkono wangu. Alisimama akatembea kurudi nyumbani kwa miguu, katikati ya barabara mpya, na dereva mmoja alilazimika kumpigia honi.

Kesho yake nilikwenda kama kawaida, sijala. Mlango ulifunguliwa kiasi cha uso mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Rudi kwako."

"Leo hatu—"

"Wewe huchungi ng'ombe?" aliniuliza. "Watu wa kwenu wote wanachunga. Unachukua fimbo, unamsukuma ng'ombe mpaka zizini. Akiingia, fimbo unaiweka wapi? Unaitupa. Wewe ulikuwa fimbo. Ng'ombe ameingia."

Nilisema kitu cha kijinga kabisa, lakini ndicho kilichonitoka. "Na nilichojifunza?"

"Maganda," alisema. "Hujapewa idhini ya kuhani. Hujapewa neno lake la siri. Kiini hukupewa. Nani angekupa? Usicheze tena. Ukicheza unamtukana yule wa pichani." Akafunga mlango, polepole, kitasa kikaingia bila kelele.

Lakini ng'ombe hakuwa ameingia. Asubuhi zilizofuata, nikiwa kwenye cherehani yangu, niliisikia sauti ya Mama Injinia kupitia dirishani, na ilikuwa sauti nisiyoijua: ya kubembeleza. Niliyaelewa maneno ya Kiswahili tu, yale ya binti, aliyejibu kwa Kiswahili makusudi.

"Nimeshacheza. Si ulitaka nicheze?"

Kisha sauti ya mama, ndefu, inapanda na kukatika.

"Mara moja imetosha. Sitacheza tena mpaka nife."

Iliendelea hivyo karibu mwezi mzima. Ufito ulirudi, niliusikia pia. Haukusaidia, wala haukuwahi kusaidia. Siku moja Mama Injinia aliingia chumbani kwangu amelibeba vazi jipya, akalitupa juu ya meza ya kukatia. Alikuwa amekonda. Alinuka kama mtu mwenye homa.

"Kata," alisema.

"Nikate vipi?"

"Vipande. Vya kudekia."

Nilimwambia kwamba ni kazi ya wiki nyingi ile, kwamba tungeweza kulihifadhi. Alichukua mkasi mwenyewe. Hakuujua mkasi mkubwa wa fundi, uliteleza, na nikaona atajikata, kwa hiyo nikaupokea nikakata mimi. Alisimama juu yangu mpaka nikamaliza. Jioni ile nilipopita kwenda dukani nilimwona binti amepiga magoti barazani kwao, anadeki kwa kitambaa cha kijani, mama yake amekaa kwenye kiti akimtazama. Binti alikuwa akiimba wimbo wa redioni. Aliimba kwa sauti nzuri, kila beti, akikamua maji.

Kambi ya barabara ilihamia mbele, nao wakahamia nayo. Mama Injinia alipanda gari bila kuliangalia dirisha langu. Binti alininyooshea mkono juu. Sikujua kama ananiaga au anajikinga jua.

Nilikaa wiki chache bila kucheza. Nilijaribu kwenda kanisa jingine, upande wa Sigino, wakanipokea vizuri, na bado naenda. Lakini mwili una njaa zake. Alfajiri moja nilisogeza meza ya kukatia ukutani, nikawasha kibatari kwa mafuta ya alizeti, nikakaa, nikapumua. Sina picha. Sina njuga, sina neno la siri, na hakuna kuhani wa kunipa. Nilifanya nilichopewa. Nimekifanya tangu wakati ule, kila asubuhi kabla sijafungua mlango wa wateja, isipokuwa nikiwa mgonjwa. Asubuhi chache, chache sana, huwa sipo. Asubuhi nyingi ni mwanamke mwenye magoti mabovu anayezunguka chumbani kwake.

Kuna mzunguko mmoja karibu na mwisho ambao ninaukosea. Najua ninaukosea kwa sababu mwili unafika nyuma ya pumzi, na hapo kila kitu kinafunguka kama mshono uliorukwa. Nimejaribu kugeuka mapema, nimejaribu kuchelewa, nimejaribu mguu mwingine. Hakuna wa kumuuliza. Ungenipa ule ufito na mtu wa kuushika, ningeupokea.

Miaka mingi baadaye gari lilisimama nje, akashuka mwanamke mwenye miwani ya jua na suruali safi, akasema, "Fundi, hunikumbuki?" Nilimkumbuka kwa jinsi alivyosimama. Alikuwa akifanya kazi Arusha, anapita kwenda Singida. Alikunywa soda kwenye benchi langu. Alisema mama yake amerudi kwao na anaishi na yule kaka wa hotelini, ambaye sasa ni mzee na ana shule ya ngoma ya watalii. Mama yake anawapigia matoazi wanafunzi wake.

"Aliwahi kuniulizia?"

"Hapana," alisema. Hakulipaka jibu sukari, nami nilimshukuru kwa hilo.

Nikamwambia kuhusu ule mzunguko. Nilimwomba anionyeshe, mara moja tu, hata kwa vidole juu ya meza.

"Nimesahau, Fundi."

"Basi nitazame. Uniambie ninakosea wapi."

Nilifunga mlango nikamchezea, mchana kweupe, kitu ambacho nilikuwa sijamfanyia mtu yeyote. Alikaa kwenye benchi na chupa mkononi. Nilipofika kwenye mzunguko niliukosea kama kawaida, na niliona kisigino chake kikiinuka sakafuni, kikangoja, kikashuka mahali ambapo changu kilipaswa kushuka. Kilikuwa kitu cha nukta moja. Hakujua kama nimeona, na nilikuwa nazunguka, sikuona vya kutosha.

"Ni nzuri," alisema nilipomaliza. Lilikuwa neno ambalo watu huniambia kuhusu mapazia.

"Ninakosea wapi?"

Aliiweka chupa chini, akachukua mkoba wake. Alinikumbatia, alinukia vizuri. "Ni nzuri, kweli," alisema tena, akatoka, akawasha gari.

Nje kulikuwa na mama mmoja anangoja na sare mbili za shule mikononi, moja imechanika kwapani. Nilimwambia aingie, nikavuta kiti cha cherehani, nikatafuta uzi wa bluu.